Pikipiki Sita Nyuma ya Mama

Tangu nirudi, anayekuja kununua mkate hanunui mkate. Anaegemea meza, ananitazama, halafu anauliza, "Haya Juma, ilikuwaje huko? Mbona mlikawia hivyo?" Nikianza kueleza, mikate mingine inaungua tanurini. Mke wangu amechoka kuwalisha kuku mikate iliyoungua. Ameniambia bora niandike, anayetaka kusoma asome, na asiyetaka anunue mkate aende zake. Basi ndiyo haya. Habari za vibali na madumu ya petroli naziruka, maana zilinichosha zilipotokea na sioni kwa nini ziwachoshe na nyie.

Kwa asiyenifahamu, mimi ni mwoka mikate wa mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora. Pikipiki yangu ina kitoroli ubavuni, na ndani ya kitoroli huwa kuna sanduku la mikate. Mwaka huu Koplo Maganga, aliyerudi kutoka vita vya Burma na cheo ambacho hakuna aliyethubutu kumvua, alitukusanya sisi wenye pikipiki. Akasema tutakwenda Ujiji kwa njia ya babu zetu wapagazi, ile ya misafara ya pembe, badala ya kupakiwa kwenye treni kama magunia. Wenye pikipiki wa Ujiji wangetupokea siku ya Ijumaa, na ng'ombe alikwisha kutengwa. Tulijiandikisha sita.

Mama yangu aliposikia, akaja tanurini. Akasema, "Toa hilo sanduku la mikate. Nakwenda na nyie."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa juu ya gunia la unga akaniambia, "Una kaka yako kule njiani."

Umri wangu wote nilijijua mimi ndiye kifungua mimba. Kumbe kabla yangu alikuwapo Ramadhani. Baba alikuwa mpagazi, wakati reli haijafika Tabora, na Mama alimfuata msafarani na mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Walipovuka mto Malagarasi mtoto akashikwa na homa. Alifia kambi iliyofuata. Walimzika alfajiri, haraka haraka, ngoma ya kuondoka imekwisha kupigwa, kwa sababu chakula kilikuwa kimepungua na msafara haukuweza kungoja. Baba akabeba mzigo wake, Mama akaenda mikono mitupu. Walikaa Ujiji miaka, mimi nikazaliwa huko, na tuliporudi tulirudi kwa treni.

"Treni haipiti pale," Mama akasema. "Nataka nipaone kabla sijafa. Na usimwambie Koplo. Yule ana filimbi. Mtu mwenye filimbi haambiwi mambo haya."

Nikatoa sanduku.

Itetemia hadi Urambo

Tulikusanyika Itetemia, nje ya mji, asubuhi, watu wa mashambani wakitushangaa na majembe yao begani. Koplo alitupanga mstari akatusomea sheria. Yeye mbele, hakuna wa kumpita. Filimbi moja ni kwenda, mbili ni kusimama, tatu ni balaa. Na mwendo wetu ni mwendo wa pikipiki iliyo dhaifu kuliko zote.

Sote tukamgeukia Shomari. Huyu ni Mzaramo, karani wa simu huko relini, na pikipiki yake inakohoa tangu ainunue. Yeye na Mama ni watani. Wazaramo na Wanyamwezi walirithi utani wao kwenye misafara hiyo hiyo: watatukanana kutwa nzima na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, na ukifika msiba, mtani ndiye mwenye kazi.

"Shikamoo Bibi," Shomari akasema, akimtazama Mama alivyojazana kitorolini na mto wake, mwavuli na kopo la ugoro. "Leo Mnyamwezi anabebwa! Na nani atabeba mizigo?"

"Marahaba. Wewe shika hilo kohozi lako vizuri," Mama akamjibu. "Babu zako walikuwa wakitungoja Pwani tufike tumechoka ndipo watuibie. Nyie hamjawahi kufika popote."

Filimbi ikalia, tukaondoka kwa heshima zote. Heshima hiyo haikudumu. Mchanga wa njia ile hauna adabu. Kitoroli kinavuta kushoto, pikipiki inataka kulia, na mimi katikati nikimwomba Mungu. Tulipata pancha kabla jua halijapanda vizuri, tukapata nyingine papo hapo kwenye gurudumu la jirani. Kila tuliposimama Koplo alitazama saa yake, akavuta pumzi kwa puani, akasema, "Ijumaa, mabwana. Ijumaa." Na kila kijiji mbwa walimfuata Mama, kwa sababu kitoroli kile kimenuka mkate miaka mingi na hakuna maji yatakayokiosha.

Mchana tuliingia kijiji kisicho na mtu. Sufuria ziko motoni, ugali nusu umesongwa, mwiko umeachwa ndani. Kuku tu ndio waliotukaribisha. Tukaita hodi mpaka tukachoka. Mama akasimama kitorolini, akapiga kelele kwa Kinyamwezi, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa maana mengine yalihusu uanaume wa waliojificha. Mtama ukatikisika, akatoka mtu mmoja na jembe lake, halafu kijiji kizima.

"Tusameheni," akasema. "Pikipiki moja ni padri. Mbili ni watu wa mbung'o. Sita, tukajua hiyo ni kodi."

Tulicheka mpaka Koplo naye akacheka. Walitupa karanga za kuchemsha na ugali ule ule waliouacha, umeungua kidogo chini, na mimi, mtu wa tanuri, nasema sikupata kula kitu kitamu kama kile.

Urambo hadi mtoni

Urambo tulilala kwa shangazi yake Koplo, watu wa kanisa la Moraviani, wakulima. Shangazi huyo alikamata jogoo, akachukua kisu, akatutazama mmoja mmoja akiuliza nani Mwislamu, kwa kuwa hakutaka tuache kula kwake. Sisi Waislamu tulikuwa watatu. Wawili tukajifanya tunaosha mikono. Kisu kikamfikia Shomari, na jogoo, nadhani, alitambua mkono usio na uzoefu. Akachomoka. Karani wa simu alimfukuza jogoo kuzunguka nyumba ile huku shangazi akiimba nyimbo za kanisani kumtia moyo, mpaka Mama akaninyooshea mwavuli na mimi nikaona aibu nikaenda. Tulimla jogoo kwa nsansa, yale majani makavu ya kunde, iliyotiwa karanga. Mama alikula kidogo sana. Nilijua sababu, na sikuweza kuisema mbele ya wenzangu.

Kutoka hapo ni miti. Miti, halafu miti. Kwenye kizuizi cha mbung'o askari aliyekuwa na kimia cha kushikia wadudu alitupapasa migongo akiwatafuta mbung'o tuliowabeba, akazunguka kila pikipiki mara mbili, kisha akamwona Mama na kumwomba ashuke. Mama akamwambia kama anataka kumpapasa amlete kwanza mshenga. Askari yule, mtu mzima mwenye mvi, aliona haya akatufungulia kamba.

Ndipo nikaanza kuona kwamba Mama hana raha. Kila mara alinigonga paja kwa mwavuli.

"Hapa wapi?"

"Sijui, Mama. Porini."

"Punguza mwendo. Vitu vinapita kabla sijavijua."

Lakini ningepunguzaje? Nyuma yangu wapo watu, mbele yupo Koplo, na katika msafara wa Koplo ukibaki nyuma unapigiwa filimbi. Mwendo ule kwetu ulikuwa wa konokono. Kwa Mama ulikuwa upepo. Aliishika njia hii kwa nyayo, jiwe kwa jiwe, na sasa mimi namrusha juu yake kwa siku moja mahali alipotembea siku nyingi. Nilimwonea huruma, na pia nilikasirika, maana nilikuwa nimemtolea sanduku langu la mikate na bado hapati anachotaka.

Malagarasi

Mtoni kivuko kilikuwepo, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na kutandikwa mbao. Mwenye kivuko hakuwepo. Alikwenda kuoa, watu wa pale mtoni wakasema, na atarudi akishaoa. Koplo akauliza harusi itakwisha lini. Wakamtazama kwa masikitiko, kama mtu asiyejua harusi ni nini.

Alirudi kesho yake jua limepanda, amechoka, na mke wake mpya akatuvusha pamoja naye, akishika upondo vizuri kuliko mumewe. Pikipiki moja moja, kila moja na dua yake. Tulipofika ng'ambo, Koplo akasema kwa furaha kwamba tukikaza mwendo Ijumaa bado ni yetu. Tukakaza.

Hatukwenda mbali. Mama alinigonga: "Simama!" Nikasimama, filimbi tatu zikalia mbele. Mama akashuka, akatazama mawe, akatikisa kichwa. Tukaendelea. "Simama!" Mara hii alishuka akaingia mpaka kwenye majani marefu, akarudi na miba kwenye kanga. Mara ya tatu alisimama katikati ya njia, akageuka huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Tumekwisha kupita. Au hatujafika. Sijui, Juma. Sijui kabisa." Akaanza kulia, mama yangu ambaye hata baba alipokufa alilia akiwa jikoni peke yake.

Koplo akarudi kwa hasira. "Bwana Juma, mama akitaka kujisaidia aseme, lakini safari ina utaratibu. Watu wanatungoja."

Nikamwambia yote. Sikuchagua maneno. Nilipomaliza, pikipiki zote zilikuwa zimezimwa na wenzetu wamekusanyika, hakuna anayejua aweke wapi mikono.

Mama akajifuta. "Koplo, mwanangu, si kosa lako. Miguu yangu ndiyo inayopajua, na mimi nimekuja nimekaa. Niache hapa. Nitarudi mtoni nianze upya kwa miguu. Nyie nendeni Ujiji, mtanipitia mkirudi."

"Peke yako? Porini?" nikasema.

"Sitakuwa peke yangu."

Koplo alitazama saa yake. Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Halafu akaifungua saa, akaitia mfukoni.

"Kule Burma," akasema, "kuna watu tuliwaacha kando ya njia. Tuliambiwa twende, tukaenda. Mmoja alikuwa wa Sikonge, tumekua naye." Kisha akavua filimbi shingoni, akainama, akamvalisha Mama. "Mama, kirangozi ni wewe. Hakuna wa kukupita."

Kwenye misafara ya zamani kirangozi ndiye aliyetangulia wote, na aliyempita alitozwa faini. Wanyamwezi wote tuliokuwa pale tulilijua hilo. Tukageuza pikipiki, tukarudi mtoni.

Kutoka mtoni kwa miguu

Tuliondoka alfajiri. Mama mbele na mwavuli wake kama fimbo, na nyuma yake pikipiki sita kwa gia ya kwanza. Mpango huo ulikuwa mzuri kwa muda mfupi tu. Pikipiki haikuumbwa kwenda mwendo wa mama mzee. Injini zikawaka moto, ya Shomari ikatoa moshi wa kutisha, tukazima zote tukaanza kusukuma. Kitoroli changu kilitaka watu watatu, kwa hiyo wawili walirudi kila mara kuchukua pikipiki zao. Jasho lilinitoka hata sehemu nisizojua kama zinatoa jasho. Watu wawili waliokuwa wakienda na chumvi ya Uvinza vichwani walisimama pembeni kutupisha, wakatutazama bila kusema kitu mpaka tulipowapita, ndipo tukasikia vicheko.

Mara kwa mara Mama alisimama, akapumzika, akavuta ugoro, akaenda tena. Hakutazama kulia wala kushoto. Shomari akaona ni wakati wa kazi yake.

"Bibi, nina shaka. Wakati ule ulikuwa na magoti mapya. Leo unakwenda kwa magoti ya mnada. Pale ulipofika wewe asubuhi, leo tutafika keshokutwa!"

Tukacheka, ila lilikuwa jambo la kweli na mimi lilikuwa likinisumbua tangu mtoni. Mwendo wa leo ungempimiaje njia ya jana?

Mama hakugeuka. "Mzaramo, wewe hujabeba mtoto mgonjwa. Ukimtikisa analia. Nilikwenda hivi hivi, hatua kwa hatua, nimemshika kichwa. Msafara wote ukanipita. Mume wangu akanipita, mzigo haukumruhusu kungoja. Nilifika kambini wa mwisho, watu wamekwisha kula."

Baada ya hapo hakuna aliyetania. Tulisukuma. Nilimtazama mgongoni, mabega yale yamejikunja kidogo upande mmoja, na nikaona kwamba hakuwa akitembea tu. Mkono wake wa kushoto, usio na mwavuli, ulikuwa umeinuka kifuani, umekunjwa, na ndani yake hakuna kitu.

Jua lilipokuwa utosini tulifika kwenye kijito chenye mawe. Mama akakivuka. Akapanda kilima kidogo, akapita mwamba mmoja ambao mimi ningeapa ndio wenyewe, akaendelea, halafu akasimama. Hapakuwa na alama. Majani, mawe machache, mti uliokatika. Mkono wake ukashuka.

"Ni hapa?" nikamwuliza.

"Miguu imesema hapa."

"Una hakika, Mama?"

"Hapana," akasema. Akakaa chini, kanga yake ikaenea juu ya majani, akaweka kiganja ardhini. "Ramadhani. Baba, mimi mama yako. Nilikuacha ngoma inalia."

Sikuwahi kumsikia mtu akilia vile. Si sauti kubwa. Nikapiga magoti kando yake na mimi nikalia, kwa ajili ya kaka niliyemjua kwa juma moja. Koplo alivua kofia. Tukamsomea Fatiha, na Koplo na Wakristo wenzake wakaomba kwa namna yao, na kisha tukabaki pale bila kujua kinachofuata.

Aliyejua ni Shomari. Alipita katikati yetu, akajilaza chali pale pale mbele ya Mama, mzima mzima na suruali yake ya ukarani, akafumba macho.

"Siondoki," akasema. "Mmemzika mtu wenu bila mtani! Nani alimlilia? Nani aliwachekesha wafiwa? Mnyamwezi bahili, unazika kwa siri ili usitulishe! Nalala hapa mpaka nipewe haki yangu."

Wengine walishtuka. Mama alimtazama kwa muda mrefu, machozi yanaendelea kutiririka. Kisha akafungua kopo lake, akamwaga ugoro wote puani mwa Shomari. Shomari akaruka akipiga chafya, akilaani ukoo mzima wa Wanyamwezi, akajikwaa kwenye pikipiki yake mwenyewe, na Mama akacheka. Alicheka na kulia pamoja, kwa kupokezana, mpaka akaishiwa nguvu akaniegemea begani. Hapo ndipo msiba ukawa msiba.

Tuliinjika uji, tukalundika mawe, kila mmoja akaleta lake. Hakuna aliyetaja Ijumaa. Tulipokuwa tayari kuondoka Koplo alikaa juu ya pikipiki yake akasubiri. Mama alimaliza aliyokuwa akiyasema kwa mwanawe, polepole, hana haraka, akasimama, akakung'uta kanga. Ndipo akapuliza filimbi.

Ujiji

Tulifika Jumamosi alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Ng'ombe alikwisha kuliwa. Wenyeji wetu walitoka barazani na nyuso za watu waliovaa vizuri jana na kungoja bure, na kiongozi wao, muuza dagaa mnene, akaanza pale pale.

"Koplo, ndiyo ustaarabu huu? Watu walikaa juani jana tangu asubuhi mpaka—"

"Tusamehe, bwana," Koplo akasema. "Tulipata msiba njiani."

Uso wa yule bwana ukabadilika. "Inna lillahi! Nani?"

Koplo akaonyesha kitorolini. "Mtoto wa mama huyu."

"Mmemzika lini?"

Koplo ni mtu wa utaratibu. Sijawahi kumsikia akisema jambo ambalo silo. Alifikiri kidogo, akajibu, "Jana."

Hakuna aliyeuliza tena. Mikeka ikatandikwa. Wanawake wa mtaa ule, ambao Mama hakuwajua hata mmoja, wakaja na kanga zao kichwani, wakamshusha, wakamkalisha katikati yao. Vyakula vikaletwa kwa masinia kutoka nyumba hii na ile. Siku tatu tulikaa matanga Ujiji, na Ujiji nzima ilipita pale barazani kumpa mkono, mzee kwa kijana, na kila mmoja alimwambia kama inavyopasa, "Pole, mama. Pole sana."

Na mama yangu, aliyeingia mji ule mara ya kwanza mikono mitupu bila mtu wa kumwuliza, aliwajibu wote, mmoja mmoja:

"Ahsante, mwanangu. Nimeshapoa."